Plagi Nne za Rota: Namna ya Kuzibadilisha kwenye Mazda RX-8

Mwenye Corolla anaweza kuchelewa kubadili plagi miezi kadhaa na hasara yake isizidi petroli kidogo iliyopotea. Mwenye Mazda RX-8 hana nafasi hiyo. Plagi ikichoka kwenye injini ya rota, sehemu ya petroli inatoka bila kuungua na kuingia kwenye ekzosi. Huko inawakia ndani ya masega, kile kichujio cha moshi. Masega yanapata joto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba njia, na moshi wa moto unabanwa na kurudi kwenye injini. Mwisho wake ni injini kufunguliwa, na fundi wa kuifungua injini ya rota si rahisi kumpata.

Ndiyo maana nakushauri ujifunze kazi hii, hata kama una fundi unayemwamini. Haihitaji kufungua injini. Inahitaji asubuhi moja, injini iliyopoa, vifaa vichache na mkono usio na haraka. Faida nyingine nitaieleza mbele: siku plagi ziko nje ndiyo siku ambayo unaweza kuisikia hali ya injini yako bila kulipia kipimo.

Kwanza, uelewe kwa nini zinachoka mapema

RX-8 ilitengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, na injini yake, iitwayo Renesis, ina rota 2. Rota ni chuma chenye pembe 3 kinachozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Hakuna pistoni wala vali.

Katika injini ya pistoni, chumba kilekile kinavuta hewa, kinaigandamiza, kinaiunguza na kuitoa. Hewa mpya inapoingia, plagi inapata nafuu. Katika rota kila kazi ina mahali pake: hewa inaingia upande mmoja wa nyumba, moto unawaka upande wa pili, palepale, siku zote. Plagi zimekaa upande huo wa moto na hakuna hewa baridi inayozipitia.

Halafu kuna hesabu ya cheche. Kwenye injini ya kawaida ya mipigo minne, plagi inawasha mara moja kwa kila mizunguko 2 ya shafti. Kwenye rota inawasha kila mzunguko. RX-8 ya gia 6 za mkono inaruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Hapo kila plagi inapiga cheche kama 150 kwa sekunde, mara mbili ya plagi ya pistoni kwa mwendo huohuo.

Na kuna oili. Injini hii inajirashia oili kidogo ndani ya chumba cha moto kwa makusudi, ili kulainisha sili zilizo kwenye ncha za rota. Oili hiyo inaungua na kuacha masizi, na sehemu ya masizi hayo inaishia kwenye plagi. Kwa hiyo usishangae gari lako kupunguza oili, na usiruhusu mtu akuzibie mfumo huo kwa nia ya kuokoa oili.

Kwa nini plagi 2 kwa kila rota, na kwa nini hazifanani

Chumba cha moto cha rota ni kirefu na chembamba, kwa hiyo moto wa sehemu moja hauwahi kukipitia chote. Mazda wakaweka plagi 2 kwa kila rota. Ile ya chini ni L, ndiyo yenye kazi kubwa ya kuwasha. Ile ya juu ni T, nayo humalizia mchanganyiko uliobaki nyuma. Katika gari la Mazda 787B lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991, injini ilikuwa na rota 4 na kila rota ilikuwa na plagi 3. Suala la kuunguza vizuri ndani ya chumba hiki limewashughulisha wahandisi wa Mazda kwa muda mrefu.

Tundu la T ndani ya injini ni jembamba sana kuliko la L. Ncha ya rota inapolipita, shinikizo la upande mmoja wa ncha ni kubwa kuliko la upande wa pili. Tundu lingekuwa pana, gesi ingevuja. Joto linalopatikana pale nalo ni tofauti, na ndiyo sababu plagi ya T ni ya aina inayopoza haraka zaidi.

Hili ndilo jambo la kulishika kuliko yote katika mwongozo huu: una plagi 4, za aina 2, na kila aina ina mahali pake. Kuzichanganya ni kuitafutia injini joto lisilo mahali pake.

Dalili za kubadili

- Gari linachelewa kuwaka.
- Linatetemeka likiwa limesimama, au linamisi ukikanyaga mafuta kwa nguvu.
- Petroli inakwisha haraka kuliko kawaida yako.
- Harufu ya petroli mbichi inatoka kwenye ekzosi.
- Taa ya injini inawaka. Ikianza kumemeta, punguza mwendo, usimamishe gari na usiendelee na safari. Kumemeta ni ishara ya kumisi kunakoweza kuunguza masega wakati huohuo.

Ukingoja dalili umeshachelewa kidogo. Fuata kitabu cha gari, lakini kwa matumizi ya foleni na safari fupi mimi nisingezipitisha kilomita 50,000. Na kama umelinunua gari hivi karibuni na hakuna rekodi, zihesabu kuwa zimechoka.

Kununua: hapa ndipo wengi wanapoponzwa

Plagi zinazotumika sana kwenye RX-8 ni za NGK: RE7C-L kwa chini na RE9B-T kwa juu. Herufi ya mwisho ndiyo inayokuonyesha mahali. Namba kwenye plagi za NGK hupanda kadiri plagi inavyopoza haraka, kwa hiyo 9 inapoza zaidi ya 7. Nunua 2 za L na 2 za T. Muuzaji akikuambia "chukua 4 za aina moja, ni zilezile," tafuta duka jingine. Akikupa za RX-7 pia mrudishie, maana umbo lake ni tofauti.

Duka la spea la kawaida haliweki plagi hizi. Ziagize mapema, kabla gari halijaanza kumisi, na ukiweza nunua seti 2. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na RX-8 za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2012. Maana yake mwenye nalo Nairobi au Mombasa analitunza lililopo, na soko la spea zake halitapanuka.

Kagua unachopewa. Maandishi kwenye kauri yawe safi na yasifutike kwa kidole. Pete ya chuma iliyo juu ya meno isitoke kirahisi ukiivuta. Ncha ya iridiamu iwe nyembamba na iliyonyooka. Bei ikiwa chini mno kuliko ya maduka mengine yote, plagi hiyo iache. Kipande cha plagi bandia kikikatika ndani ya rota, hakina pa kutokea bila kupita kwenye sili za ncha, na sili ikivunjika injini imekwisha.

Vifaa

☐ Plagi mpya 4, L mbili na T mbili
☐ Soketi ndefu ya plagi yenye mpira ndani (ijaribu kwenye plagi mpya kabla hujaanza)
☐ Mpini wa racheti, viungo virefu vya soketi na kiungo cha kupinda
☐ Spana ya kupima mkazo
☐ Jeki, stendi ya jeki na magogo ya kukinga matairi
☐ Hewa ya kompresa, au pampu ya mkono
☐ Kipande cha mpira mwembamba, kama bomba la petroli, urefu wa kiganja
☐ Tepu ya karatasi na kalamu
☐ Tochi, kitambaa safi, glavu

> TAHADHARI
> Injini iwe baridi kabisa. Iache usiku kucha. Nyumba ya rota ni ya aluminiamu, na ukifungua plagi ikiwa na joto unaweza kutoka na meno ya tundu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kazi yenyewe

1. Egesha mahali pagumu na tambarare. Vuta hendibreki, kinga matairi ya nyuma mbele na nyuma, toa ufunguo.

2. Plagi ziko ubavu wa kushoto wa injini. Kwenye gari lenye usukani kulia, huo ni upande wa abiria. Baadhi ya mafundi huzifikia kutoka juu kwa viungo virefu, lakini unafanya kazi bila kuona. Kupitia nafasi ya tairi ni rahisi zaidi: legeza nati za tairi la mbele kushoto, inua gari, weka stendi, kisha toa tairi.

3. Angaza tochi ndani. Utaona waya 4 zikiingia kwenye injini: 2 juu na 2 chini. Zilizo upande wa mbele ni za rota namba 1, za nyuma ni za rota namba 2. Zipe majina kwa tepu: L1, T1, L2, T2. Kila waya inatoka kwenye koili yake, na kuzibadilishana ni kuwasha moto wakati usio wake.

4. Anza na plagi moja tu. Shika kofia ya waya, izungushe kidogo kulia na kushoto, kisha ivute. Usivute waya yenyewe.

5. Puliza hewa kuzunguka plagi hadi mchanga wote utoke. Usiiruke hatua hii, hasa kama unapita barabara za vumbi. Punje ya mchanga ikiingia kwenye tundu inatua moja kwa moja kwenye njia ya sili.

6. Ingiza soketi mpaka ikae sawasawa, ndipo ulegeze. Ikikaza kupita kiasi, usining'inie kwenye mpini. Rashia mafuta ya kulegeza kutu pembeni, subiri, ilegeze robo mzunguko, irudishe kidogo, ilegeze tena. Meno ya aluminiamu yanaokolewa na subira.

7. Itoe na uiweke juu ya kitambaa chenye alama yake. Zitoe zote kwa utaratibu huo, lakini kama unataka kufanya kipimo cha masikio kinachofuata, usizitoe zote kwa pamoja. Soma kwanza.

Kusikiliza injini

Kila rota ina pande 3, na kila upande ni chumba chake. Sili za upande mmoja zikichoka, pumzi yake hupungua. Kipimo cha kawaida cha kompresheni hakioneshi hilo vizuri, kwa sababu kinakamata pande zote 3 na kushika ile yenye nguvu zaidi. Kinahitajika kipimo cha rota chenye kusoma kila upande peke yake. Sikio, hata hivyo, linaweza kutofautisha.

Toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe plagi za umeme za koili zote 4, ili kusiwe na petroli wala cheche. Gia iwe huru. Toa plagi ya L1 peke yake na uache zile nyingine 3 mahali pake. Mwenzako akae kwenye kiti, akanyage klachi na mafuta hadi mwisho, apige starta sekunde 5. Wewe simama pembeni, uso mbali na tundu.

Utasikia pumzi zikitoka kwa mfululizo, kama 4 kwa sekunde. Zihesabu tatu-tatu. Zote 3 zikilingana kwa nguvu, rota hiyo bado ina afya. Ukisikia mbili nzito na moja hafifu, tena na tena kwa mpangilio uleule, upande mmoja unavuja. Rudisha L1, rudia kwa L2.

Sikio halitoi namba. Likikutia shaka, mtafute mwenye kipimo cha rota kabla hujatumia fedha nyingine kwenye gari. Mazda wanataka angalau kilopaskali 680 kwenye kila chumba, injini ikizungushwa na starta mara 250 kwa dakika. Na kama unataka kununua RX-8 ya mtu, omba kipimo hicho kabla ya kuuliza habari za rangi na viti. Anayeuza gari zima hatakunyima.

Kusoma plagi za zamani

Zipange mstari mmoja na uzitazame kwenye mwanga wa jua.

*Kahawia au kijivu, zenye masizi machache makavu:* uchakavu wa kawaida. Kumbuka oili inayorashiwa ndani. Plagi ya rota haitoki safi kama ya Corolla.

*Nyeusi, masizi makavu mengi:* petroli ni nyingi kuliko hewa, au safari ni fupi mno, au cheche ni dhaifu. Angalia chujio la hewa, kisha koili.

*Moja imelowa petroli, nyingine kavu:* ile iliyolowa haikupata cheche. Usiweke plagi mpya ukadhani umemaliza. Koili au waya yake ndiyo ya kushukiwa. Koili za RX-8 zinajulikana kwa kuchoka, na plagi mpya juu ya koili mbovu zitalowa vilevile.

*Nyeupe, yenye vipele, au ncha iliyoyeyuka:* joto limezidi. Huenda ni plagi ya aina isiyofaa, au mchanganyiko wenye petroli kidogo. Usiendelee kuliendesha gari hadi sababu ijulikane.

*Kauri iliyopasuka au ncha iliyokatika:* tafuta kipande kilichokosekana kabla ya kuwasha injini. Ipige plagi hiyo picha, mpelekee fundi.

Kufunga mpya

8. Usiguse nafasi ya cheche. Plagi hizi zinatoka kiwandani zikiwa zimepimwa, na kuzikunja kwa koleo kunavunja iridiamu. Usipake grisi kwenye meno. Watengenezaji wa plagi hawaitaki, kwa sababu inateleza na kukufanya ukaze kuliko unavyodhani.

9. Chomeka kichwa cha plagi kwenye kile kipande cha mpira. Ielekeze kwenye tundu na uizungushe kwa vidole. Mpira una faida hii: meno yakikaa vibaya, unateleza wenyewe badala ya kulazimisha. Plagi isipoingia kwa vidole mizunguko kadhaa, itoe uanze upya. Soma herufi kwa sauti kabla ya kila moja: L chini, T juu.

10. Kaza kwa spana ya kupima mkazo, Newton-mita 15 hivi. Ni nguvu ndogo kuliko mkono wa mafundi wengi unavyotaka kutoa. Kama huna spana hiyo, azima.

11. Rudisha waya kwa kufuata tepu, sukuma kofia hadi uhisi imekamata. Kagua waya zenyewe; zikiwa ngumu, zimepasuka au zina alama nyeupe za kuunguzwa na cheche, nunua mpya.

12. Rudisha plagi za umeme za koili, fyuzi, kisha tairi. Shusha gari, kaza nati za tairi likiwa chini.

13. Washa. Inaweza kutoa moshi mwanzoni ikichoma mafuta uliyorashia. Iache ipate joto kamili bila kuikanyaga, kisha endesha taratibu kwa dakika chache. Ikimisi, zima na uangalie waya kwanza. Mara nyingi kuna kofia ambayo haikukamata.

Andika tarehe na kilomita kwenye daftari la gari. Plagi za zamani zilizo nzima ziweke kwenye kiboksi chake na uandike L na T. Zinafaa kama akiba ya njiani.

Usizilowanishe zile mpya

Adui mkubwa wa plagi mpya za rota ni mtu anayewasha gari ili kulisogeza mita chache uani, kisha akalizima likiwa bado baridi. Injini ya rota ikiwa baridi inapokea petroli nyingi. Ukiizima hapo, petroli hiyo inabaki chumbani, inasafisha oili kwenye sili na kulowanisha plagi. Kesho yake starta inazunguka na gari haliwaki. Mwambie mwosha magari, mlinzi na kila mwenye ufunguo: likiwashwa, lisizimwe mpaka mshale wa joto ufike mahali pake.

Likilowa, kanyaga mafuta hadi mwisho kabla ya kupiga starta na usiachie. Kompyuta ya gari itakata petroli na injini itapuliza iliyo ndani. Piga sekunde 10, pumzika dakika moja ili starta ipoe, rudia mara chache. Betri ikianza kulegea, acha. Starta inayozunguka polepole haiwezi kuiwasha rota hata plagi zikiwa kavu. Ichaji kwanza.

Ikishindikana, toa fyuzi ya pampu, chomoa koili, toa plagi 2 za L na uzungushe injini ili petroli itoke kwenye matundu, bila sigara wala cheche yoyote karibu. Plagi ya iridiamu iliyolowa mara moja haijafa. Ikaushe kwa hewa, usiisugue kwa brashi ya waya, kisha uirudishe chini, kwenye tundu lake.